Mgongo wa Mama Makaa

Ukitaka kuijua barabara ya Habeshi pale Kakuma, usimuulize mkimbizi. Mkimbizi atakueleza mwaka alioingia na mwaka anaotumaini kutoka, basi. Muulize Akaale, muuza makaa. Yeye alizaliwa Namoruputh, na mbali alikowahi kwenda ni Lodwar tu, kwa binti yake Nabei. Hata huko alikaa siku tatu akarudi, akilalamika kwamba Lodwar watu wanapitana njiani kama mbuzi wasio na mwenyewe.

Alifika Kakuma mwaka wa tisini na tatu, mwanamke kijana, baada ya ukame kumaliza mifugo ya nyumbani kwao. Kambi ilikuwa bado changa. Wahabeshi ndio walioifungua barabara ile, na ndiyo maana jina lao limebaki ingawa wenyewe wamekwisha kwenda. Akaale alimchotea maji mama mmoja wa Kihabeshi aliyeitwa Aselefu, mwenye hoteli ya udongo iliyopakwa chokaa. Mchana Aselefu alimketisha na kumpa kahawa, na akimwona anataka kunyanyuka baada ya kikombe cha kwanza alimvuta shuka. Kwao huondoki kabla ya kikombe cha tatu. Siku jina la Aselefu lilipotoka kwenye ubao wa majina ya wanaosafiri, alimwachia Akaale birika lake na kumwonyesha pembe ya ukuta wa hoteli. "Wewe kaa hapa," alimwambia. "Nikirudi nitakutafuta hapa."

Akaale akakaa. Akaanza kuuza makaa kwa mkebe, ameketi juu ya mtungi wa plastiki wa njano. Wasomali wakaichukua ile hoteli, na barabara nzima ikanukia uvumba na maziwa ya ngamia. Kisha wakaja vijana wa Sudan, warefu, na redio zao. Kisha Wakongo na vitenge vyao, na kwaya zao za Jumamosi zilizokuwa zikifanya mazoezi mpaka mbuzi wanaacha kula. Kisha Warundi na baiskeli. Kila aliyefungua duka jipya alipata kwa Akaale mkebe mmoja wa makaa bila malipo, kwa sababu yeye alishikilia kwamba makaa ya kwanza hayauzwi. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kakuma utalima nini na jembe? Yeye alitoa moto.

Na kila aliyeondoka alimwachia kitu. Nyumbani kwake alikuwa na birika la Kihabeshi, saa ya ukutani ya Kisomali iliyosimama saa nne na robo, Biblia ya Kidinka, na kiti cha plastiki kisicho na mguu mmoja. Na kila mmoja alimwambia lile lile la Aselefu: nikirudi nitakukuta hapa.

Mtu angesema hayo ni maneno ya kuagana tu. Lakini mmoja alirudi kweli. Dhieu, fundi redio wa Kidinka aliyekwenda Amerika, alirudi kutembea, sasa baba mzima mwenye kitambi. Aliizunguka barabara ile asubuhi nzima asione kitu anachokijua. Hoteli ilikuwa msikiti mdogo, kibanda chake kilikuwa saluni ya Warundi, hata ile laga, mto wa msimu, ilikuwa imehamisha kingo zake. Hatimaye akamwona Akaale juu ya mtungi wa njano. Akaketi chini kwenye vumbi na suruali yake ya kitambaa kizuri akalia kwa sauti. "Mama Makaa," alikuwa anasema, "nilidhani niliota hii mahali."

Tangu siku hiyo Akaale alijua kazi yake ni nini. Makaa yalikuwa kisingizio.

Sasa nikwambie kuhusu ule ukuta.

Mgeni akipita barabara ya Habeshi alishangaa kumwona muuza makaa ameipa barabara mgongo. Akaale aliketi akiutazama ukuta, pua yake karibu iguse chokaa, na wateja walilazimika kujibana kati yake na ukuta ndipo wapimiwe. Alikaa hivyo miaka kumi na mbili. Kuna mwanamke mwingine alikuja kuuza makaa mtaa wa pili naye akageukia ukuta, akidhani ndiyo bahati ya biashara.

Haikuwa bahati. Ilikuwa hasira, na hasira ni hasara.

Ng'ambo ya barabara, mkabala naye, palikuwa na duka la vitenge la Mama Faida, Mkongo wa Uvira. Alipofika alikuwa mwembamba na kimya, na Akaale alimvushia mkebe wa makaa siku ya kwanza kama kawaida yake. Wakapendana. Mama Faida alimfundisha kula sombe, yaani kisamvu cha kwao, naye Akaale alimfundisha kumjua nge kabla hajamkanyaga. Kwa miaka miwili walishinda wakitaniana kutoka ng'ambo hii hadi ng'ambo ile, na wapita njia walipitia katikati ya mazungumzo yao.

Mtoto akazaliwa, Faida mwenyewe. Siku ya nane Mama Faida akamtoa nje. Akaale alivuka barabara mbio, amefurahi kama bibi wa damu. Akafanya alivyofanyiwa yeye, na mama yake, na kila mtoto wa Kiturkana anayependwa: alitafuna tumbaku vizuri, akamtemea mtoto mate kwenye paji la uso ili Akuj, Mungu wao, ampe maisha marefu.

Mama Faida alipiga yowe. Alimsukuma Akaale kwa mkono akamwangusha kwenye robota la vitenge, akampangusa mtoto kwa kanga. "Mulozi!" alipiga kelele, "mchawi! Ametemea mutoto wangu mate!" Barabara nzima ilisimama, Wasomali, Warundi, wote. Akaale alinyanyuka, akajipangusa vumbi, akarudi kwenye mtungi wake akaugeuza. Kwa Mturkana, kuitwa mchawi si tusi la kusahau kesho, na baraka iliyofutwa kwa kanga mbele ya watu inauma kuliko kofi. Siku ya kwanza alingoja aitwe. Siku ya pili akangoja. Mwezi ukapita. Baadaye shingo ikazoea ukuta.

Basi mwaka huu habari zikaja kwamba barabara ya Habeshi itapanuliwa na kutiwa lami, kwa sababu Kakuma sasa ni mji. Vitajengwa vibanda vya mabati pande zote mbili. Jumatatu akaja afisa kutoka Lodwar, kijana mpole mwenye miwani aitwaye Lokiru, na futi ya kupimia na fomu. Mwenye kuthibitisha kwamba amefanya biashara mahali pake miaka kumi angejengewa kibanda pale pale. Asiyethibitisha angehamishiwa uwanja mpya ng'ambo ya laga, na Ijumaa mchana Lokiru angefunga orodha arudi Lodwar.

"Mama, una leseni yoyote? Risiti ya zamani?" alimuuliza Akaale.

"Mimi na makaa tu," Akaale akasema. "Mimi nakaa hapa tangu hii kambi ni mahema. Watu yote nimeona."

"Basi lete shahidi. Mfanyabiashara wa barabara hii hii, aliyekuwepo miaka kumi, asiwe ndugu yako. Aje mwenyewe na kitambulisho chake aweke sahihi."

Akaale akacheka. Shahidi mmoja tu? Yeye aliyekuwa akijulikana na mataifa sita?

Akaenda saluni: wenyewe walifika mwaka juzi. Akaenda msikitini: mlinzi mpya. Muuza maandazi, miezi minane. Muuza simu, miaka mitatu. Wanawake wa Kiturkana waliokuwa wakiuza kuni pamoja naye zamani, wengine walikufa, wengine walirudia mifugo. Alitembea barabara nzima, akainama mlango kwa mlango akiuliza umekaa hapa tangu lini, na jua likamwishia kichwani. Barabara ilikuwa imejaa watu kama siku zote, na hapakuwa na hata mmoja aliyemjua alipokuwa na meno yote.

Akamwomba muuza simu ampigie Dhieu Amerika. Uso wa Dhieu ukatokea kwenye kioo, macho yamevimba kwa usingizi. "Mama Makaa! Ejok?"

"Ejok nooi," Akaale akaitikia salamu, akaigeuza simu kwa Lokiru. Dhieu alimweleza afisa kila kitu, kibanda cha redio, birika la Aselefu, mtungi wa njano. Lokiru alivua miwani akaipangusa. Lakini sheria ilimtaka shahidi awe amesimama mbele yake, na simu haisimami.

Jioni hiyo Nabei alipiga kutoka Lodwar. "Mama, kwani iko nini hapo? Kuja huku. Utakaa kwa kivuli, utasuka vikapu."

"Na mtu akirudi?"

"Nani anarudi, mama?"

"Dhieu alirudi. Mwingine akirudi atanitafuta wapi? Watakuja wataona lami. Watasema hawakuishi hapa."

Hata Nabei alijua kwamba mama yake amebakiza jina moja ambalo hajalitaja, na kwamba afadhali ameze wembe kuliko kulitaja.

Jumatano asubuhi Akaale alichagua makaa ya mgunga, mazito, yanayolia ukiyagonga, akajaza mkebe mpaka ukafanya kilima. Akatia tumbaku mdomoni kuupa moyo nguvu. Kisha akasimama, akageuka, akavuka barabara. Ilikuwa hatua kumi na nne. Muuza maandazi alisahau mafuta jikoni yakaungua.

Alipofika mlangoni alisimama kama aliyepotea. Rafu zilikuwa tupu. Hakuna kitenge hata kimoja. Chini palikuwa na mabegi matatu yamefungwa kwa kamba na kuandikwa majina kwa kalamu nene, na kando yake msichana mrefu wa miaka kumi na miwili anakunja blanketi. Kumbe duka zima lilikuwa limefungasha mizigo nyuma ya mgongo wake.

Mama Faida alitoka chumba cha nyuma. Alikuwa amenenepa, na mvi zimemshika masikioni. Walitazamana kwa muda, kila mmoja akimshangaa mwenziwe alivyozeeka.

"Nimeleta makaa," Akaale akasema.

"Kesho tunaenda, mama. Jina ilitoka. Kanada." Sauti ya Mama Faida ilikuwa ndogo. "Makaa ni ya kufanya nini?"

Akaale alitaka kusema shahidi, kibanda, Ijumaa. Alisimama tu na mkebe wake kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa. Mama Faida aliuchukua ule mkebe kwa mikono miwili, akauweka juu ya begi, akavaa viatu.

"Mi nasikia wanapima," alisema. "Mi nilikuwa nangoja kama utakuja. Twende kabla ule bwana hajaenda kula."

Ofisi ilikuwa meza chini ya turubai. Lokiru aliangalia kitambulisho cha Mama Faida, akakubali tarehe, akashika kalamu. "Mnajuana vipi na huyu mama?"

"Hatujuane," Mama Faida akasema. "Hatusemeshane. Ni miaka kumi na mbili."

Watu kwenye foleni wakacheka. Lokiru akaweka kalamu chini. "Sasa mama, utashuhudia nini?"

"Mgongo yake."

Kicheko kikazidi, halafu kikafa chenyewe, kwa sababu Mama Faida hakuwa akicheka.

"Kila asubuhi mi nafungua mulango, kitu ya kwanza ni ule mgongo. Shuka nyekundu ya miraba, baadaye ya bluu, baadaye tena nyekundu. Mwaka ya corona batu bote balijifungia, mgongo ilikuwa pale. Laga ilifurika, maji iliingia mpaka madukani, alibeba mtungi juu ya kichwa akaenda, kesho yake mgongo iko pale, matope mpaka kiuno. Mwaka ule mvua ilikatala, mgongo ilikonda, mi nilihesabu mifupa." Alikaza kilemba chake. "Na siku moja nilifungua, shanga zote hazipo. Shingo mutupu. Njo nilijua bwana yake amekufa. Mi nililia kwa mulango yangu. Yeye hakuona. Alikuwa anaangalia ukuta."

Akaale alitazama chini. Mumewe alipofariki alikuwa amerudi kazini siku ya nne na shingo tupu, na alikuwa ameamini, kwa uchungu ambao haukuwahi kumtoka, kwamba barabara ile nzima haikumwona.

Lokiru aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasogeza fomu, Mama Faida akaweka sahihi, Akaale akaweka dole gumba.

Nje ya turubai walisimama juani, wasijue waelekee wapi.

"Haikuwa uchawi," Akaale akasema. "Ilikuwa baraka. Kwetu tunabariki hivyo."

"Mi najua."

"Unajua?"

"Mwezi ule ule. Muuguzi wa kliniki, Mturkana, nilimuambia, akanicheka mpaka akashika meza. Akaniambia ule mama alikupa kitu kubwa, wewe ulipangusa na kanga."

Damu ilimpanda Akaale kichwani. Miaka kumi na mbili! "Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilitoka kuja kusema. Mara ngapi! Nafika katikati ya barabara, naona mgongo." Mama Faida alikuwa analia sasa, bila kujificha. "Mutu anasemesha mgongo namna gani, mama?"

Akaale angeweza kujibu kwamba aliyekosewa ndiye hufuatwa, si yeye kufuata. Lilikuwa jibu zuri, na alikuwa amelitengeneza kwa miaka. Lakini saa zilizobaki zilikuwa chache mno kuzipoteza kwa majibu mazuri. Alimshika mkono, wakarudi dukani. Wakayawasha yale makaa, wakachemsha chai, wakanywa mpaka kikombe cha tatu.

Alhamisi asubuhi mabasi yalisimama kwenye lango, yale yanayopeleka watu kwenye uwanja wa ndege. Akaale hapendi kwenda langoni. Amekwisha kwenda mara nyingi. Siku hiyo alikwenda. Mabegi yalipandishwa, majina yakasomwa. Mama Faida alipekua mkoba wake akitafuta kitu cha kumwachia, kama desturi, akatoa kitana, akakirudisha, akatoa ufunguo wa duka ambao haukuwa tena wake, akaurudisha.

"Sina kitu," alisema. "Mi ndiye nataka kitu kwako." Akamvuta binti yake mbele. "Ile ulianza kumupa huyu. Umumalizie."

Tumbaku ilikuwa mdomoni tangu alfajiri. Akaale alimtazama Faida, mtoto aliyekua ng'ambo ya barabara yake asimwone hata siku moja akijifunza kutembea. Alikuwa mrefu kuliko yeye, na masikioni alikuwa na nyaya za muziki.

"Mama, hii ni nini tena?" Faida akanong'ona. "Watu wanatucheki."

"Nyamaza. Inama."

Faida akainama. Akaale akamtemea kwenye paji la uso, polepole, akayataja maji na mifugo na watoto na njia nyeupe, kwa Kiturkana, mpaka mwisho bila kuruka neno. Aliponyanyua macho, Mama Faida alikuwa amefungua kilemba chake, mbele ya basi zima, mbele ya dereva aliyekuwa akipiga honi, na yeye pia ameinama.

Ijumaa mchana Lokiru alipita akampa karatasi yenye namba ya kibanda, kumi na saba, pale pale penye pembe ya ukuta. Akaale aliikunja akaitia kwenye shanga za kiunoni. Kisha akasimama, akaushika mtungi wa njano kwa mikono miwili, akaugeuza.

Wateja walifurahi kupata nafasi. Muuza maandazi akamuuliza kwa utani, "Mama Makaa, leo umechoka na ukuta?"

Akaale alikuwa anautazama mlango wa mabati wa Mama Faida ng'ambo ya barabara, na kufuli lake jipya, na vumbi mbele ya kizingiti ambalo halikuwa na alama ya mguu. Aliona kwamba mlango ulikuwa umepakwa rangi ya kijani. Hakujua ulipakwa lini.